Barua kutoka London: maswali ya kuuliza kabla ya kuuza ng'ombe

Hivi karibuni mama mmoja wa parokia yetu moja ya Kivu ya Kusini alimletea mchungaji wake karatasi mbili zilizochapwa kwa rangi. Ilikuwa barua ya Kiingereza, yenye nembo ya benki kubwa, ikisema kwamba kijana wake, mwenye lisansi ya uchumi, amechaguliwa kuwa mfanyakazi mwanafunzi katika tawi la London. Barua ilidai dola 1,850 kwa ajili ya cheti cha udhamini, na ikatoa siku kumi tu. Familia ilikuwa imekwisha kutuma dola 600. Pesa hizo zilitoka kwa ng'ombe mmoja aliyeuzwa na mkopo wa AVEC. Mama alikuja kuomba kanisa limsaidie kutafuta 1,250 zilizobaki, kabla siku hazijaisha.

Mchungaji alipiga picha barua ile na kututumia. Tuliisoma, kisha tukamwomba amuulize mama swali moja: je, kijana anafanya kazi katika benki hii hapa Kongo? Jibu lilikuwa hapana. Hajawahi kufanya kazi huko hata siku moja. Alijaza fomu kwenye simu, akajibiwa baada ya siku tatu. Swali hilo moja lilitosha kutujulisha kwamba barua ni ya uongo, na tunataka kueleza kwa nini, kwa sababu barua za namna hii tumeonyeshwa zaidi ya moja, na kila mara familia imekwisha kukopa.

Jambo lenyewe lipo kweli, na ndiyo maana uongo unashika. Kampuni zenye matawi katika nchi nyingi huchukua vijana waliomaliza chuo kikuu, huwaweka katika mafunzo ya kazi ya mwaka mmoja au miwili, na katika mafunzo hayo huwapeleka kwa muda katika tawi la nchi nyingine. Nchi zinazowapokea zimeweka viza maalum kwa ajili yao. Lakini viza hiyo ni ya mtu *anayehamishwa*. Anayehamishwa ni yule aliye tayari ndani. Asiye ndani hahamishwi. Huyo anaajiriwa upya, na njia yake ni nyingine kabisa, yenye masharti mengine.

Tuchukue Uingereza, kwa kuwa barua nyingi zinatumia jina la London. Tangu tarehe 11 Aprili 2022 nchi ile ina njia iitwayo Global Business Mobility, na ndani yake kuna mlango wa Graduate Trainee. Sharti la kwanza ni kwamba kijana awe amefanya kazi katika kampuni hiyo, nje ya Uingereza, kwa muda wa miezi mitatu mfululizo kabla tu ya kuomba viza. Mwajiri wa Uingereza na mwajiri wa huku wawe wa kundi moja: mali ya mwenye hisa mmoja, au mmoja akimtawala mwingine. Kazi yenyewe iwe ya kiwango cha mtu aliyemaliza chuo kikuu, na iwe sehemu ya mpango wa mafunzo ulioandikwa, unaoonyesha jinsi kijana atakavyopanda kufikia kuwa meneja au mtaalamu. Kampuni moja haiwezi kuleta zaidi ya vijana ishirini kwa njia hii katika mwaka mmoja wa fedha. Ishirini tu, kutoka matawi yake yote ya dunia. Ukikumbuka hesabu hiyo, utajiuliza mara mbili unapoona tangazo la WhatsApp linalosema nafasi mia tano ziko wazi.

Mshahara nao una kipimo. Tangu Julai 2025 haupaswi kuwa chini ya pauni 27,300 kwa mwaka, au asilimia 70 ya mshahara wa kawaida wa kazi ile, kwa kufuata kilicho kikubwa zaidi. Barua ya yule kijana ilisema pauni 900 kwa mwezi pamoja na chakula. Zidisha mara kumi na mbili: 10,800. Hakuna ofisi ya viza itakayopokea karatasi kama hiyo.

Watu wengi wanafikiri cheti cha udhamini ni karatasi yenye mhuri. Siyo. Ni namba inayotolewa kwa njia ya kompyuta na serikali ya Uingereza kwa kampuni yenye leseni ya kudhamini wafanyakazi wa kigeni. Kampuni ndiyo inayoomba namba ile kwa serikali, na kampuni ndiyo inayoilipia serikali. Orodha ya kampuni zote zenye leseni imewekwa wazi katika tovuti ya serikali ile, na mtu yeyote mwenye simu na kifurushi cha intaneti anaweza kuifungua bila kulipa. Vijana wetu wanajua kutafuta matokeo ya mpira ya Manchester kwa dakika moja. Orodha hii haiwashindi. Lakini kuona jina la kampuni katika orodha hakutoshi, maana wezi nao wanaisoma na kuchagua majina makubwa humo. Hapo ndipo swali la miezi mitatu linarudi: hata kampuni ikiwa ya kweli, je, wewe ni mfanyakazi wake?

Kuna gharama ambazo mwombaji mwenyewe anaweza kudaiwa, na ni vizuri kuzijua ili tusije tukasema kwamba kila malipo ni wizi. Kwa viwango vilivyoanza Aprili 2025, ada ya viza hii kwa anayeomba akiwa nje ya Uingereza ilikuwa pauni 319. Juu yake kuna mchango wa matibabu wa pauni 1,035 kwa mwaka. Jumla kwa viwango hivyo ni pauni 1,354, yaani zaidi ya dola 1,700. Tena mwombaji aonyeshe pauni 1,270 zilizokaa katika akaunti yake kwa siku 28, isipokuwa mwajiri athibitishe kwamba atamtunza mwezi wa kwanza. Mke na watoto wanaruhusiwa kuandamana naye, ila kila mmoja analipa yake. Kampuni nyingi hulipia wafanyakazi wao gharama hizi, lakini sheria haizilazimishi. Tofauti iko katika mahali pesa zinapokwenda. Ada ya viza na mchango wa matibabu hulipwa kwa serikali, katika ombi lenyewe la viza, na risiti hutoka hapo hapo. Hazilipwi kwa namba ya simu ya mtu anayejiita wakala, wala hazigawanywi kuwa malipo ya kwanza na ya pili.

Anayekaa Kongo na anayetaka kukaa Uingereza zaidi ya miezi sita anatakiwa pia kupimwa kifua kikuu katika kliniki inayokubaliwa na serikali ya Uingereza. Hati za Kifaransa, kama diplome, zinapaswa kuwa na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. Na hapa kuna jambo litakalowashangaza wengi: kwa mlango huu wa Graduate Trainee, mtihani wa Kiingereza hautakiwi. Wanaowauzia vijana wetu vyeti vya Kiingereza kwa ajili ya viza hii wanauza kitu ambacho sheria haikiombi.

Ombi linaweza kuwekwa hadi miezi mitatu kabla ya siku ya kuanza kazi, na jibu la kawaida huchukua kama wiki tatu. Zamani mwenye haraka aliweza kuongeza pesa ili ajibiwe upesi. Mwishoni mwa Desemba 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba Wakongomani hawatapata tena huduma ya haraka, na kwamba wakubwa wetu hawatapata upendeleo waliokuwa nao, kwa madai kwamba serikali yetu haishirikiani vya kutosha katika kuwapokea raia wake wanaorudishwa. Wakubwa watajua la kufanya. Kijana wa kawaida anapaswa tu kuelewa kwamba yeyote anayemwahidi viza ya Uingereza ndani ya siku tano sasa anamdanganya kwa jambo lililotangazwa wazi.

Ubelgiji na jirani zake wana mlango unaofanana na huo. Umoja wa Ulaya ulitoa sheria mwaka 2014 juu ya wafanyakazi wanaohamishwa ndani ya kampuni moja, na ukawagawa katika makundi matatu: mameneja, wataalamu, na wafanyakazi walio katika mafunzo wenye diplome ya chuo kikuu. Nchi za Ireland na Denmark hazimo. Kwa kundi la tatu, kila nchi inaweza kudai kati ya miezi mitatu na sita ya kazi katika kampuni kabla ya kuhamishwa, na muda wa kukaa haupiti mwaka mmoja. Kila nchi inaweza pia kudai makubaliano ya mafunzo yanayoonyesha kijana atajifunza nini na atasimamiwa vipi. Mshahara wake usiwe mbaya kuliko wa mwenyeji wa nchi ile anayefanya kazi ya kufanana. Na ombi liwekwe mtu akiwa bado nje ya Ulaya. Hili la mwisho ni la maana sana kwetu, kwa sababu wapo wanaoshauri vijana wachukue viza ya matembezi, wafike Brussels, "halafu karatasi zitajipanga." Kwa njia hii hazijipangi.

Huko Ubelgiji mwajiri ndiye anayeanza, kwa kuomba kibali kimoja cha kazi na makazi katika mkoa atakakofanyia kazi mtu wake, uwe Flanders, Wallonia au Brussels. Kibali kikitoka, ndipo mfanyakazi anaomba viza ya kukaa muda mrefu, akiwa na cheti cha daktari na hati ya kutokuwa na hatia ya mahakama.

Marekani tunaitaja kwa ufupi. Viza yao ya kuhamisha wafanyakazi, L-1, inataka mwaka mzima wa kazi katika kampuni, na ni kwa mameneja na watu wenye ujuzi wa pekee wa kampuni ile. Kijana aliyetoka kupokea diplome yake hayumo.

Ukiziweka sheria hizi pamoja, utaona kwamba hazikutungwa ili kumtafutia kijana kazi. Zilitungwa ili kampuni iweze kusogeza watu wake. Serikali inaiamini kampuni, inaipa leseni, inaiwekea hesabu ya watu na kiwango cha mshahara. Kijana anaingia kupitia jina la kampuni. Kwa sababu hiyo mlango wa London au Brussels, kwa mhitimu wa Goma, Bukavu, Bunia au Butembo, kwa kweli uko mjini kwake, katika ofisi ya tawi la kampuni inayoajiri hapa. Na hapo ndipo uchungu wetu unapoanzia.

Vita ilipofika Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari, benki zilifunga milango na uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Vijana waliokuwa wameanza kazi katika matawi hayo, wengine wakiwa katika majaribio, walijikuta nyumbani. Kwa mtu aliyekuwa na tumaini la kuhamishwa, miezi mitatu mfululizo si maneno ya sheria tu. Ikiwa mkataba ulisimamishwa, ni mwajiri atakayeulizwa kuthibitisha kwamba kazi haikukatika, na mwajiri ambaye ofisi yake imefungwa hana haraka ya kuandika barua. Tunawaomba vijana wenye mikataba ya namna hii wasingoje. Waandikie makao makuu ya kampuni, wawe na nakala ya mkataba, karatasi za mshahara na barua ya kusimamishwa kazi ikiwa ipo. Tumeona watu waliokimbia na shuka na sufuria, na wakaacha bahasha ya hati juu ya kabati. Hatuwalaumu, nani katika saa ile alifikiri juu ya karatasi za mshahara?

Pasipoti ni mzigo mwingine. Inatolewa na serikali ya Kinshasa, kwa hiyo anayekaa mahali ambapo huduma za serikali hiyo hazifanyi kazi anapaswa kusafiri kwanza. Ombi la viza ya Ubelgiji linapitia Kinshasa. Zamani wengine wa Kivu waliona Kigali ni karibu zaidi kwa shughuli za ubalozi, lakini tangu Rwanda ilipovunja uhusiano na Ubelgiji mnamo tarehe 17 Machi 2025, mlango huo hautumiki. Familia inayopiga hesabu ya viza iweke safari hiyo juu ya hesabu: ndege, wiki kadhaa za kulala kwa ndugu, na usafiri wa kila siku mjini Kinshasa. Mara nyingi safari ndiyo inayomaliza mfuko, kabla hata ada yenyewe haijafikiwa.

Je, hakuna njia iliyo karibu zaidi? Ipo, na tunashangaa kwamba vijana wachache wanaizungumzia. Benki mbili kubwa zinazojulikana sana mashariki ni mali ya makundi ya Kenya: Equity BCDC, iliyotokana na muungano wa mwaka 2020, na TMB, ambayo kundi la KCB lilinunua sehemu yake kubwa Desemba 2022. Kijana aliyeajiriwa katika benki ya namna hiyo ana makao makuu Nairobi, si London. Nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na tangu Septemba 2023 Mkongomani anaingia Kenya bila viza. Tusichanganye mambo, maana hapa pia watu wanaumia: kuingia bila viza si ruhusa ya kufanya kazi. Mwajiri anapaswa kumwombea mfanyakazi wake kibali cha kazi, hata kama ni mafunzo ya miezi michache. Hata hivyo kijana wa Kivu anayesema Kiswahili na Kifaransa ana kitu ambacho benki yenye ofisi Nairobi na matawi Kongo inakihitaji. Hatusemi kwamba nafasi ni nyingi. Tunasema kwamba wanaouza barua za London hawaigusi Nairobi, labda kwa sababu ni rahisi mno kupata ndugu au rafiki aliye kule wa kwenda kuuliza mlangoni.

Sasa tuseme juu ya sanduku la kanisa, maana jambo hili limetufikia kupitia huko. Wachungaji wanatuandikia wakiuliza kama kanisa la mahali linaweza kukusanya sadaka kwa ajili ya kijana aliyepata "kazi ya ng'ambo". Maoni yetu, ambayo ndugu wengine katika baraza hawakuyapenda, ni haya: kwa anayehamishwa na mwajiri wake, kanisa lisikusanye pesa za cheti wala za udhamini, kwa kuwa mwenye kuzilipa ni kampuni. Likitaka kusaidia, lisaidie kwa pasipoti, tafsiri ya diplome, au tiketi ya kwenda Kinshasa, na lilipe lenyewe mahali panapotoa risiti. Ndugu mmoja alitujibu kwamba tunakuwa wagumu, na kwamba kijana mmoja akifika Ulaya atainua ukoo mzima. Tunaelewa moyo wake. Lakini tumwangalie kijana huyo akiwa kule. Pauni 27,300 kwa mwaka ni 2,275 kwa mwezi kabla ya kodi ya serikali, na London nyumba inakula sehemu kubwa. Ruhusa yake ni ya kazi ile iliyoandikwa katika cheti. Kila safari kwa mlango huu haipiti miezi kumi na miwili, nayo haimpeleki kwenye ukaaji wa kudumu. Kijana aliyeondoka na deni la watu thelathini mgongoni, akijua kwamba mwaka ukiisha kampuni inamngoja Lubumbashi au Kinshasa, anaanza kuwaza kutorudi. Hapo anapoteza kazi, na tawi lililomtuma linafikiri mara mbili kabla ya kutuma mwingine.

Kuna pia zile barua za utambulisho ambazo wachungaji wetu wanaombwa kutia sahihi. Viza ya kuhamishwa haiombi barua ya mchungaji. Mtu akija na karatasi iliyokwisha kuandikwa, inayosema kwamba amefanya kazi ya uhasibu parokiani kwa miaka miwili, na wewe unajua alikuwa akiimba katika kwaya tu, usitie mhuri. Ofisi ya viza ikigundua hati ya uongo, ombi linakataliwa, na kwa Uingereza anayeonekana amedanganya anaweza kufungiwa mlango kwa miaka kumi.

Tulimrudishia mchungaji maelezo haya yote kwa simu, jioni, akiwa na mama na kijana ofisini. Alitusimulia baadaye jinsi ilivyokwenda. Mama alinyamaza muda mrefu. Kijana ndiye aliyeanza kusema: aliona shaka tangu barua ilipotaja pauni 900, kwa sababu alikuwa amesoma mahali fulani kuhusu kima cha mshahara, lakini siku hiyo mama alikuwa amekwisha kuwaambia majirani, na ng'ombe alikuwa amekwisha kuuzwa. Hakuwa na nguvu ya kumwambia.

Mchungaji alipiga namba iliyokuwa chini ya barua. Mtu alipokea, akasikia neno "kanisa", akakata. Tangu siku ile namba haipatikani. Dola 600 hazijarudi. Wamama wa AVEC walikutana Jumamosi iliyofuata na wakakubali kwamba mkopo ulipwe baada ya mavuno ya maharagwe, bila riba ya miezi miwili. Kijana ameomba staji katika kooperative moja ya akiba na mikopo iliyo karibu nao. Wamemwambia aje na diplome yake, ya asili, siyo picha.